Jirani, Tazama Saa

Mwanangu alipokamatwa mara ya kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilikuwa nimempakata barazani, nampoza uji. Mara macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kujirusha. Nikapiga ukelele. Walikuja watu tisa, nawakumbuka mmoja mmoja. Mmoja kaleta kijiko cha chuma amtanue meno, mwingine kitunguu cha kumnusisha, mwingine kakimbilia kutafuta mavi ya tembo ili afukizwe. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima aliyenikanda nilipojifungua, alisimama mlangoni kwake amewaziba macho wajukuu. Hakuna aliyetazama saa. Hata mimi.

Siwalaumu, ndivyo tulivyolelewa. Sisi wa Pwani hali hii tunaiita degedege, na ndani ya jina mna dege, yule ndege au nondo wa usiku anayesemekana kumpitia mtoto juu. Bibi zetu walikataza hata sindano: mtoto wa degedege akichomwa, walisema, ndiyo basi tena. Ninachowaomba leo, ndugu zangu, ni kwamba tunapokimbilia ukelele wa namna hiyo, kila mmoja afike akijua kazi yake.

Kazi zenyewe si nyingi. Mmoja aondoe jiko, meza na chochote cha kumgonga mtoto. Mmoja amlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke, amlegezee nguo ya shingoni, amwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Asimbane mikono, wala mtu asitie kitu kinywani, si kijiko, si maji, si dawa. Ulimi haumezeki, kinachoweza kumkaba ni hicho kijiko chenu. Mmoja atazame saa tangu mwanzo. Zikitimia dakika 5 bado anatetemeka, au ikija ya pili kabla hajazinduka, bajaji iwe imeshafika mlangoni. Nauli isubiri. Vikoba vyetu vina mfuko wa jamii, tunatoa humo rambirambi bila mjadala. Sioni kwa nini tushindwe kutoa humo nauli ya mtoto aliye hai.

Watoto wengi wanaoshikwa wakiwa kati ya miezi 6 na miaka 5 hushikwa kwa sababu ya homa, na wengi huachana nayo wakikua. Ila huku kwetu homa hiyo yaweza kuwa malaria, na malaria ikipanda kichwani haimsubiri mtu apambazukiwe. Mtoto aliyeshikwa akiwa na homa apelekwe kupimwa hapohapo, hata kama ameshatulia na anaomba maji. Degedege inayojirudia bila homa yaweza kuwa kifafa, kama ilivyokuwa kwa wangu. Nacho kina dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni wenzake waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate. Aliwapa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu ambacho mwanangu anameza hadi leo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo.

Shida ni kidonge kukatika. Dawa hii ikiachwa ghafla, kifafa hurudi kwa hasira zaidi kuliko mwanzo. Nimewahi kuambiwa dirishani, “Mama, zimeisha, jaribu wiki ijayo,” na wiki hiyo mwanangu alianguka mara sita. Kila zahanati ina kamati yake, na humo mna wawakilishi wetu wananchi. Tuwaulize kwenye mkutano wa mtaa: dawa ya kifafa iliyopo ni ya miezi mingapi? Waulizwe kila mkutano, mpaka wajifunze kuja na jibu.

Na kuna usiku, ambao haumo katika karatasi yoyote ya hospitali. Mwaka mzima mimi na mume wangu tulilala kwa zamu. Mimi macho hadi saa nane, yeye hadi alfajiri, halafu anaenda kazini. Tulikuwa tukigombana kwa kitu kama chumvi. Shule ya awali ilinirudishia mtoto na begi lake, eti anawatisha wenzake. Ijumaa moja yule mama wa ukuta kwa ukuta aligonga mlango akiwa na mkeka. “Mwanangu, kalaleni. Nionyesheni tu cha kufanya.” Nilimwonyesha. Tangu hapo kila Ijumaa ni yake, na mtoto ana mke mwenza wa mama yake, ndivyo anavyojitania mwenyewe.

Ijumaa ni siku moja tu ya wiki. Mtaa wenye nyumba arobaini hauwezi kukosa watu sita wa siku zilizobaki. Hata saa mbili za mchana zinatosha mama akalala, maana usingizi wa mchana nao ni usingizi. Nanyi walimu, mkubalini mtoto, sisi wazazi tutakuja kuwaonyesha namna ya kumlaza, ni somo la dakika kumi.

Mkutano ujao wa mtaa nitaomba nafasi kabla ya mengineyo. Nitakuja na mwanasesere na kanga, tufanye mazoezi hadharani, na wanaume pia. Wakati tunausubiri, nimetundika saa ya ukutani kwenye baraza yangu, ile ya betri yenye mshale wa sekunde. Nimeielekeza njiani, inaonekana hata ukiwa kwa muuza mkaa.