Ua Halina Hatia

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukienea duniani, watu wa Tokyo waliotoka kwenda kutazama maua walishutumiwa kama wahalifu. Ilisemwa kuwa ni wazembe, na kwamba starehe imewapofusha. Shutuma hiyo ilipokewa kwa wepesi, na wepesi huo ndio unaostahili kupingwa.

Miti ya mcheri ya mji huo ilianza kuchanua tarehe 14 Machi, mapema kuliko mwaka wo wote uliokuwa umeandikwa mpaka hapo. Ua la mcheri halidumu. Likisha kamilika, kwa kadiri ya juma moja hupukutika, na asiyeliona hana budi kungoja mwaka mzima. Kwa mzee wa miaka 80 mwaka mzima si ahadi. Gavana Koike Yuriko aliwasihi watu wasifanye karamu chini ya miti, na katika hilo alikuwa na haki: watu wakiketi bega kwa bega, wakila na kunywa na kupaza sauti, maradhi hupata njia. Lakini mwishoni mwa Machi njia ya micheri katika bustani ya Ueno ilifungwa hata kwa yule apitaye peke yake, kimya, amefunika pua na mdomo.

Na utazamwe upande wa pili. Siku zile zile treni ziliendelea kuwachukua watu makazini. Serikali ilipotangaza hali ya hatari, tarehe 7 Aprili, haikuwa na sheria ya kumwadhibu atokaye nyumbani. Lilikuwa ombi tu. Wako waliopanda treni kwa sababu hati za ofisi zilitaka kugongwa muhuri kwa mkono. Nani aliwaita hao wazembe? Muhuri ulihesabiwa kuwa lazima kwa kuwa nyuma yake uko mshahara. Ua likahesabiwa kuwa anasa. Kipimo hicho si cha tabibu. Ni cha mwajiri.

Katika mji wa Sakura, mkoa wa Chiba (jina hilo si la ua la mcheri, ingawa sikio hudanganyika), matulipu kwa maelfu yalikatwa mwezi wa Aprili ili watu wasije kuyatazama. Walioamuru walikuwa na hoja: watu walizidi kuja. Hoja ni ya kweli, lakini haijibu swali. Watu walikuja kwa sababu nyumba zao ni ndogo na siku zilikuwa ndefu, na haja hiyo haikukatwa pamoja na mashina. Mlinzi mmoja langoni, akiwapitisha wachache wachache, angalitosha kujaribiwa kwanza.

Tarehe 29 Machi theluji iliiangukia micheri ya Tokyo iliyokuwa imechanua, jambo la nadra. Waliokaa ndani waliiona kwa picha za waliotoka, wakazisifu.