Waya Usioujua, Usiuguse



Mwezi uliopita tulitoka kutembea upande wa vilima vya Clent, si mbali na Birmingham. Kando ya malisho ya ng'ombe tukakuta waya mwembamba na kibao cha njano: hatari, stima. Mwenzetu wa Nairobi akaruka nyuma. Nikamcheka, kisha nikanyamaza.

Mimi nimekulia Nyeri, chini ya Aberdare. Ua wa stima wa msitu ule ulianza kujengwa 1989 kuzuia ndovu wasiingie mashambani, ukakamilika 2009, kama kilomita 400. Sisi watoto tulichunga mbuzi kando yake, na mchezo wetu ulikuwa kuugusa kwa jani la nyasi. Ukipigwa unaruka, wenzako wanakucheka, basi.

Mbona hatukufa? Mashine ya ua hutoa mpigo wa maelfu ya volti, lakini mfupi mno, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha hupumzika karibu sekunde nzima. Mkono unapata nafasi ya kuachia.

Sasa, jirani yetu mmoja, amechoshwa na nguruwe mwitu, akaunganisha waya wa shamba lake moja kwa moja na stima ya nyumba. Volti 240 tu, lakini hazipumziki. Misuli inakaza, huachii. Mbwa wetu alifia pale. Kama si yeye, ingekuwa ni mimi, kwa maana ua wa msitu ulishanifundisha kwamba waya hauui.

Wako watakaosema dawa ni kumkataza mtoto kuchunga. Sikubaliani nao. Mbuzi wale ndio walionilipia karo. Hata hapa Uingereza watoto wa wakulima husaidia wazazi. Kanuni za 1998 zinamkataza mtoto wa chini ya miaka 13 kuendesha au kupanda trekta iliyo kazini. Wameondoa hatari, hawakuondoa kazi. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Jamani, tunajisifu na digrii. Basi ukipiga simu nyumbani Jumapili, usiulize habari za mvua peke yake. Uliza: ule waya wa shambani umeunganishwa na nini? Kama ni soketi ya nyumba, uchomolewe leo leo. Na mtoto anayechunga aambiwe wazi: waya usioujua, usiuguse, hata kwa jani.