Gurudumu Huchaguliwa na Mchanga: Wajibu wa Kiswahili Lodwar na Kakuma

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukweli wa kauli hii hudhihirika mtu anayetumia kiti cha magurudumu anapojaribu kuvuka laga yenye mchanga mjini Lodwar au katika kambi ya Kakuma. Kiti kilichoundwa kwa ajili ya sakafu laini ya hospitali hakifiki mbali. Vigurudumu vyake vidogo vya mbele hudidimia, kiti huinamia mbele, na mwenyewe hubaki akimsubiri mpita njia amkwamue. Kiti hicho ni kizima, kinang'aa rangi, na pengine kilitolewa bure. Lakini hakimfikishi mwenyewe sokoni, shuleni wala zahanati. Makala hii inashikilia kwamba kosa hilo si la ufundi peke yake. Ni kosa la mazungumzo ambayo hayakufanyika, na kwa sababu hiyo linawahusu pia wasomi wa Kiswahili.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, umekaa kando ya Mto Turkwel. Kakuma uko takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi, kando ya Tarach, mto wa msimu ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Leo wakimbizi wanaoishi huko ni zaidi ya 200,000. Lami imekwisha kuwekwa katika barabara kuu, jambo la kushukuriwa, ila maisha hayaishi juu ya lami. Nyumba, kisima na darasa viko ng'ambo ya mchanga. Waturkana walilijua hilo zamani, ndiyo maana kwa vizazi vingi mizigo yao imebebwa na punda, ambaye hahitaji barabara. Anayetaka gurudumu lifanye kazi ya punda hana budi kulichagua kwa makini.

Gurudumu gani, basi, hufaa mchangani? Jibu la haraka ni gurudumu kubwa, na jibu hilo lina ukweli wake. Gurudumu lenye kipenyo kikubwa hupanda jiwe au ukingo kwa urahisi, kwa kuwa hukikabili kizuizi kwa mteremko mpole, ilhali gurudumu dogo hukigonga kama ukuta. Hata hivyo, ukubwa una pande mbili: urefu na upana. Mchanga hulemewa pale uzito wote unapokusanyika mahali padogo. Tairi pana, tena lililopunguzwa upepo kidogo, hutandaza uzito huo na kuelea juu ya mchanga, kama unyayo wa ngamia ufanyavyo. Waunda mikokoteni wa jua kali wanaotumia magurudumu ya magari makuukuu wanaitumia kanuni hiyo hiyo, wawe wameisoma darasani au la.

Aidha, kila faida ina gharama yake. Gurudumu kubwa ni zito, na huhitaji nguvu zaidi ili lianze kuzunguka. Likiwa na spoku ndefu, huwa dhaifu linaposukumwa kutoka ubavuni. Kwa hiyo fundi hupanua kitovu chake ili spoku zisimame mshazari na kuhimili nguvu hizo. Wanaounda roboti za mapigano huko Marekani wanalifahamu fumbo hili. Roboti iitwayo Huge, iliyoingia katika mashindano ya BattleBots mwaka 2018, ilining'iniza kiwiliwili chake kati ya magurudumu mawili makubwa mno ya plastiki ngumu inayonyumbuka. Silaha za wapinzani wengi hazikukifikia kiwiliwili kwa urahisi. Ziliishia kuyatafuna magurudumu, nayo yakaendelea kubiringika hata yakiwa na mapengo. Huo ni uteuzi wa busara kwa uwanja wenye sakafu ya chuma. Magurudumu hayo hayo, kwa jinsi yalivyo membamba, yangezama katika mchanga wa Tarach kabla ya vita kuanza. Kila uwanja una gurudumu lake.

Uwanja wa Turkana una silaha zake pia. Miiba ya migunga na ya mathenge hutoboa tyubu bila huruma, hata ikafika siku mtu akaghairi safari kwa kuogopa pancha. Wengine hushauri tairi gumu lisilo na upepo. Ushauri huo ni mzuri kwa miiba na mbaya kwa mifupa: tairi gumu ni zito, halielei vyema mchangani, na mitikiso yake huishia katika ekseli, katika beringi na katika mgongo wa aliyeketi. Mchanga nao huingia katika beringi zisizofunikwa vizuri na kuzisaga. Hapa hakuna jibu moja la kitabuni. Anayepita njia ya miiba kila siku atachagua tofauti na anayevuka laga, na anayeishi karibu na fundi wa baisikeli anaweza kuthubutu kutumia tyubu ambayo mwingine hathubutu. Swali la msingi zaidi ni hili: beringi au tairi likiharibika, je, kipuri chake kinapatikana katika duka la baisikeli la Lodwar, au hakina budi kuagizwa ng'ambo?

Mifano ya uteuzi mwema ipo barani Afrika kwenyewe. Waundaji wa viti vya magurudumu wa Zimbabwe walibuni gurudumu la mbele lililo pana, la mpira, lisilozama upesi katika udongo tifutifu. Ubunifu huo ukaenea katika nchi nyingine ukiwa na jina la nchi yao. Mjini Mombasa, karakana za Bombolulu za chama cha APDK zilianza mwaka 1969, na zimewapa watu wenye ulemavu nafasi ya kuwa mafundi, si wapokeaji tu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisisitiza kwamba kiti kimfae mtumiaji na mazingira yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia maeneo yote kwa kadiri iwezekanavyo na kupata vifaa vya kumsaidia. Kifaa kinachozama mlangoni hakijaitimiza haki hiyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adhabu ya mchanga aijuaye aliyekwama.

Je, Kiswahili kinaingiaje hapa? Kinaingia kwa kuwa mtumiaji hawezi kuchagua iwapo hana maneno ya kujadiliana na fundi. Kakuma imewakusanya watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia, pamoja na Waturkana wenyeji. Penye watu wa lugha nyingi hivyo, Kiswahili ni daraja, japokuwa daraja lenyewe lina mbao za aina mbalimbali. Mkenya husema baisikeli. Mkongomani husema kinga, neno ambalo katika Kiswahili sanifu lina maana nyingine kabisa. Fundi husema habu, na mwalimu huenda akasema kitovu. Tofauti hizi si aibu. Ni mali ambayo haijahesabiwa. Lakini mwongozo unaokuja na kiti aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kiti hubaki akiashiria kwa kidole.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni fasihi na isimu, na kwamba rimu na beringi ziachiwe wahandisi. Hoja hii haina mashiko. Istilahi inayobuniwa mezani bila kusikilizwa karakanani ni sawa na kiti kilichoundwa bila kuonyeshwa mchanga: huvutia macho, kisha hudidimia. Wapo pia watakaosema kwamba maneno hayamtoi mtu mchangani. Ni kweli, hayamtoi. Hata hivyo, ndiyo yanayomwezesha kusema mapema kwamba gurudumu la mbele liwe pana zaidi, ekseli isogezwe kidogo, na tairi liwe la kipimo kinachouzwa mjini. Kusogeza ekseli mbele huyapunguzia magurudumu madogo mzigo, lakini kukizidi kiti hupinduka nyuma. Mashauriano nyeti kama hayo hayafanyiki kwa ishara za vidole.

Kwa mintarafu hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wao. Mosi, vikusanye msamiati wa gurudumu kutoka kwa mafundi, waendesha bodaboda na watumiaji wa viti vya magurudumu wa Lodwar na Kakuma, vikilirekodi kila neno pamoja na asili yake, bila kulidharau la mkopo. Pili, viandike mwongozo mfupi wa Kiswahili chepesi, wenye michoro, wa kuchagua na kutengeneza gurudumu, nao usomwe mbele ya watumiaji na kusahihishwa nao kabla ya kuchapishwa. Tatu, wahadhiri waikubali kazi hiyo kuwa utafiti halali wa shahada, sawa na uhakiki wa riwaya.

Kiswahili husifiwa sana katika makongamano kwa kuwaunganisha watu. Sifa hiyo ipimwe Kakuma, kwa mtu mmoja aliyeketi juu ya kiti chake akikabiliana na fundi mmoja mwenye spana mkononi. Wakielewana, gurudumu litaelea. Wasipoelewana, litazama, na sifa zitazama nalo.