Maji kwanza, samaki baadaye



Juma hili tunazungumza juu ya samaki wanaofugwa nyumbani ndani ya sanduku la vioo, lile linaloitwa akwariumu. Tunajua wengine watacheka: "Sisi tunatafuta samaki wa kutia ndani ya sufuria, ninyi mnatuletea samaki wa kutazama!" Mcheke, lakini msome mpaka mwisho. Jambo hili lilikaribia kuvunja urafiki wa nyumba mbili za kundi letu, na ndilo lililotufumbua macho juu ya kiziwa chetu kilichokufa.

Mvulana wa mama mmoja wetu alipewa mabaki ya vioo na fundi wa madirisha. Akayaunga kwa silikoni, akapata sanduku la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Ndani yake alitia tilapia wadogo wanane, kila mmoja kama urefu wa kidole, na uduvi sita, wale wengine wanaowaita kreveti, ambao mjomba wake alimletea kutoka Uvira ndani ya chupa. Watoto wa njia yote walikuwa wanakuja kutazama. Hata sisi wakubwa tulikuwa tunakaa pale tukisahau habari za soko.

Siku moja asubuhi uduvi wote walikuwa chini, wamelala chali. Mpaka jioni samaki nao walikuwa wanajinyonganyonga, kisha wakafa mmoja mmoja. Mtoto alilia sana. Na kwa kuwa siku ile msichana wa jirani alionekana akichovya mkono ndani ya maji, mama alivuka njia na kusema maneno makali: "Mutoto wako ametia nini ndani ya maji yetu?" Jirani naye akajibu. Kwa majuma mawili hawakusalimiana. Kwenye mkutano wa akiba mmoja alikaa karibu na mlango, mwingine karibu na dirisha.

Sisi tulimwuliza swali moja tu: "Mama, juma lile ni kitu gani kipya kiliingia ndani ya nyumba?" Akafikiri. Akasema paka alikuwa ameanza kukaa karibu na sanduku, basi yeye alilifunika kwa chandarua kipya alichokuwa amekiweka akiba. Pembe moja ya chandarua ilikuwa imeingia ndani ya maji usiku kucha.

Muuaji ndiye huyo. Chandarua kina dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo haimdhuru mtoto anayelala chini ya chandarua, lakini ndani ya maji ni sumu kali kwa samaki, na kwa uduvi ni kali zaidi, kwa maana mwili wa uduvi uko karibu na ule wa mdudu. Msichana wa jirani hakuwa na kosa lolote.

Mama alivuka njia mara ya pili, akaomba msamaha mbele ya mtoto yule mwenyewe. Kisha wakatuomba wote wawili tuandike mambo haya, mwingine asianguke pale walipoanguka wao.

Sumu zisizoonekana

Chandarua ni cha kitanda cha mtoto. Kisifunike akwariumu, kisichujie maji, kisivulie samaki. Ukikifua, usikifulie ndani ya kijito wala kumwaga maji yake karibu na kiziwa. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo usiipulize ndani ya chumba chenye samaki. Kabla mtoto hajatia mkono ndani ya maji, anawe na asuuze sabuni yote, na akimaliza anawe tena kwa sabuni. Ndoo ya samaki isiwe ile ya kufulia. Na kama una uduvi, usiweke kitu cha shaba ndani ya maji, na usitie dawa ya samaki yenye shaba. Samaki anaweza kuivumilia kidogo, lakini uduvi atakufa.

Kwa sababu hiyo uduvi ni mlinzi mzuri. Ukiona wanarukaruka ovyo ao wanalala chali, usingoje samaki waugue. Badilisha sehemu ya maji mara moja, kisha utafute ni nini kimeingia.

Kwa nini wanakufa siku ya tatu

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Sanduku letu la kwanza tulilijaza maji asubuhi, na mchana tukatia tilapia kumi na wawili. Siku ya tatu hatukuwa na hata mmoja. Wengine walisema ni kijicho. Kumbe ni choo.

Fikirini, wamama: samaki anakula, anajisaidia na anapumua ndani ya chumba kimoja kisicho na mlango. Uchafu wake unatoa amonia, nayo inamchoma mashavu anayopumulia. Ndani ya ziwa kuna vijidudu vizuri vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na mimea inaila. Ndani ya sanduku jipya vijidudu hivyo havijazaliwa. Vinahitaji majuma manne mpaka sita ili viwe vingi vya kutosha, na vinakaa juu ya mawe, mchanga, mimea na sponji.

Basi jaza maji, weka mawe na mimea, tia chembe ndogo ya chakula kila siku kama vile samaki yuko, na ungoje. Ukiwa na rafiki ambaye sanduku lake ni zima, mwombe mawe machache ao kipande cha sponji yake. Ni sawa na kuomba chachu kwa jirani: kazi inakwenda haraka. Kisha anza na samaki wawili ao watatu. Wakikaa vizuri majuma mawili, ongeza wengine.

Maji yetu ya Mudaka

Maji ya robine mara nyingi yana klori ya kuua vijidudu. Ni nzuri kwetu, mbaya kwa samaki. Yaache ndani ya ndoo wazi siku moja ao mbili kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua hayana klori, lakini hayana chumvi za mawe ambazo samaki na uduvi wanahitaji. Uduvi akizikosa hawezi kutengeneza ganda jipya. Changanya mvua na maji ya chemchemi, na mvua ya kwanza, ile inayoosha vumbi la mabati, iache ipite.

Kila juma toa robo ya maji na utie mapya yenye joto sawa na yale ya zamani. Usitoe yote. Na sponji usiioshe kwa robine wala kwa sabuni, utaua vijidudu vyote ulivyongojea majuma sita. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa. Kisha maji hayo machafu mwagia lengalenga. Lengalenga za mama yule tumeziona wenyewe: zimewapita wote.

Baridi nalo ni jambo. Uvira iko kando ya Tanganyika, kwenye mita karibu 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1,460, na sisi Mudaka tuko juu zaidi. Tilapia anapenda maji ya digrii 25 na kupita. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo na hakui vizuri. Weka sanduku ndani ya nyumba, mbali na mlango wenye upepo, na usiku uzungushie blanketi kuukuu pembeni bila kufunga juu. Usiliweke juani ukidhani unaliongezea joto: maji yatakuwa kijani siku chache tu.

Wachache, na chakula kidogo

Sanduku lile la sentimeta 60 linabeba litre 54, na litre moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza vioo na mawe, meza inabeba uzito wa mtu mzima. Meza mbovu itaanguka, na chini yake kuna watoto. Tafuta meza imara, iguse ukuta, na sanduku liwe na kifuniko cha mbao ao kioo kinachoacha hewa ipite. Mwenye mtoto mchanga asiache ndoo ya maji chini hata dakika moja: mtoto anaweza kuzama ndani ya maji ya kimo cha kiganja.

Kwa litre 54 bila masini ya hewa, samaki wanane wadogo wanatosha kabisa. Wengi wetu umeme unakuja na kwenda. Mwenye samaki wengi wanaotegemea masini atawapoteza usiku mmoja. Mwenye wachache na mimea mingi atalala usingizi. Na ujue kwamba tilapia akikua anaweza kupita sentimeta 30. Sanduku ni shule yake ya watoto tu, baadaye lazima apelekwe kwenye kiziwa.

Chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili ao tatu. Watoto wanapenda kumwaga bugali, na bugali inaoza chini. Lengalenga iliyochemshwa kidogo ni nzuri, punje ya kiini cha yai mara moja moja, na viluwiluwi vya mbu ndiyo karamu yao. Hapo kuna faida nyingine: sanduku lenye samaki halizai mbu. Lakini sanduku lililoachwa na maji bila samaki linawazaa wengi, na malaria tunaijua. Wakifa wote, kama hutaki kuanza tena, mwaga maji. Chagua mtoto mmoja wa kulisha kila juma. Wakilisha wote, samaki watakufa kwa upendo.

Tena, tunasema kila siku kwamba samaki mmoja akioza wameoza wote. Ndani ya akwariumu si methali, ni kweli. Aliyekufa aondolewe saa ile ile.

Somo la kiziwa

Sasa wale waliocheka mwanzoni wasikilize. Mnakumbuka kiziwa chetu cha kundi, kile tulichochimba kwa franka za akiba. Tulitia mbolea ya nguruwe nyingi, tukiamini kwamba mbolea nyingi ni samaki wengi. Maji yakawa kijani kizito, nasi tukafurahi. Asubuhi kadhaa tuliona samaki wamekuja juu, midomo nje, wanameza hewa. Tulisema: "Wana njaa." Tukawaongezea pumba. Siku chache baadaye wote walikuwa wanaelea.

Mvulana yule wa akwariumu ndiye aliyetuambia, bila kujua kwamba anatuhukumu: "Wakimeza hewa juu, maji yamechoka." Usiku mimea na vijidudu vinavuta hewa ya maji kama samaki wanavyovuta, na mbolea ikizidi, vijidudu vinaimaliza. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Dawa yake ni kuacha mbolea na chakula, na kufungulia maji mapya yaingie yakianguka kutoka juu. Lingekuwa jambo la asubuhi moja tu. Sisi tulilipa kwa samaki wa msimu mzima, na kuna wamama waliokuwa wametegemea mavuno yale kwa ajili ya minervali.

Kwa hiyo tunashauri: kundi linalotaka kuchimba kiziwa lianze na sanduku moja la vioo. Ndani ya kiziwa huoni kitu. Ndani ya kioo unaona samaki anavyopumua, anavyokula na anavyougua. Kosa la sanduku linakugharimu samaki wanane.

Usimwage ziwani

La mwisho. Ukichoka na samaki wako, mpe jirani ao mle, lakini usimtupe ziwani wala mtoni. Sambaza tunayonunua hapa sokoni haikuwa ya Ziwa Kivu: ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na kwa bahati ikawa chakula chetu. Lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana ndani ya Kivu, yule mwembamba mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, ambaye wataalamu wanamwita Lamprichthys. Ni mzuri sana, hata Ulaya watu wanamfuga ndani ya akwariumu. Humu ziwani anakula vile vidudu vidogo vya maji ambavyo sambaza anavitegemea. Bahati ya 1959 haina ahadi ya kurudi.

Yule mvulana ameanza tena. Sanduku lina maji, mawe na mimea, na bado halina samaki: leo ni juma la nne. Msichana wa jirani ndiye anayehesabu majuma, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Mama yake alitaka kuufuta, mama mwenye sanduku akamwambia auache.

Aliye na swali alilete siku ya mkutano, ao alete maji yake ndani ya chupa safi tuyatazame pamoja. Mkae salama, na mtusalimie watoto.