Kompyuta ndogo ya gemu ianze na kipoza, si mazabodi

Anayejiundia kompyuta ndogo ya gemu kwa kawaida huanza na mazabodi. Huitafuta ya Mini-ITX, ile ya mraba wa milimita 170 kwa 170, kisha huongeza prosesa kali kadiri mfuko unavyoruhusu, na kipoza hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki. Naona mpangilio huo umekosewa, na kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar umekosewa maradufu. Ndani ya kasha dogo, kipoza ndicho kinachoamua prosesa itakimbia kwa kasi gani na kwa muda gani, hivyo ndicho cha kuchaguliwa kwanza. Mazabodi ije baada yake, na isimalize pesa.

Ushahidi uko kwenye vipimo. Kasha la Fractal Design Terra, lenye ujazo wa lita 10.4, halipokei kipoza kinachozidi kimo cha milimita 77. DAN A4-SFX ya lita 7.2 huishia milimita 48. Kipoza cha mnara kinachosifiwa kila mahali, Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kina kimo cha milimita 155. Katika makasha hayo mfuniko haufungi. Mnunuzi anabaki na vipoza vifupi, kama Noctua NH-L9a-AM5 ya milimita 37, vyenye mapezi machache na feni nyembamba. Sasa tuongeze hali ya hewa. Kipoza cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya viwili hivyo. Majaribio tunayoyasoma mengi hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 na kidogo. Chumba kisicho na kiyoyozi Temeke au Likoni, mwezi wa Februari, hufika nyuzi 32 bila shida. Prosesa iliyopimwa kule ikiwa na nyuzi 80 itakaribia 90 hapa, na Ryzen 7 7800X3D ina kikomo cha nyuzi 89. Ikikifikia haiungui, ila hujipunguzia kasi yenyewe, na mwenye gemu anakosa kasi aliyoilipia.

Ndiyo maana kimo cha kipoza kinachoingia kwenye kasha ndicho kiamue prosesa. Core i9-14900K inaruhusiwa kuvuta hadi wati 253. Kuiweka chini ya kipoza cha milimita 37 ni kutupa pesa. Ryzen 5 7600 imepangiwa wati 65, na kikomo chake cha kawaida ni wati 88, mzigo ambao kipoza kifupi kizuri kinaumudu. Kwenye gemu, tena, kazi kubwa hufanywa na kadi ya grafiki. Hata hiyo 7800X3D, iliyoandikiwa wati 120, katika gemu nyingi huvuta chini ya hapo kwa mbali.

Mazabodi nayo ina mambo yake, lakini si yale yanayotangazwa kwenye boksi. Kando ya soketi ya prosesa kuna saketi zinazoigawia prosesa umeme, na juu yake kipande cha alumini cha kuzipoza. Kwenye ubao wa Mini-ITX kila kitu kimebanana: alumini hiyo ikiwa ndefu, hugongana na mapezi ya kipoza, na RAM zenye taa na mabawa marefu huziba nafasi ya feni. Ni vizuri basi kupendelea kipoza kinachopuliza hewa kuelekea chini, kwa sababu hewa hiyo hiyo hupita juu ya saketi za umeme, jambo ambalo mnara haulifanyi vizuri. Kinachobaki ni kukagua orodha ya mtengenezaji wa kipoza kuona kama ubao huo umo. Wapo watakaosema mazabodi ya bei ndiyo inayodumu. Kwa AM5, soketi ya AMD iliyotoka 2022, hoja hiyo ni dhaifu: soketi ni ile ile kwenye ubao wa B650 na wa X670, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 au zaidi. Na kama kasha linaruhusu Micro-ATX, ya milimita 244 kwa 244, mara nyingi utapata nafasi nne za RAM badala ya mbili, tena kwa bei nafuu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kipoza cha maji. Ni kweli kwamba rejeta ya milimita 240 huingia katika baadhi ya makasha yasiyopokea mnara, na huondoa joto zaidi kuliko kipoza kifupi chochote. Lakini huja na pampu, na pampu ikifa joto hupanda mara moja; maji nayo hupungua polepole kupitia mipira, na vipoza vingi vya aina hii havikutengenezwa ili mwenyewe aviongeze maji. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli hana cha kukirekebishia, wakati feni iliyokufa juu ya kipoza cha hewa hubadilishwa kwa skrubu chache au vibanio viwili. Kwa mtu ambaye kipuri chake kinaagizwa Dubai au China, tofauti hiyo ina thamani zaidi kuliko nyuzi tano sita za ubaridi.

Aliyekwisha kununua mazabodi na prosesa kubwa kwanza hajapoteza kila kitu. Kwenye BIOS za AM5 kuna hali ya Eco, inayoibana prosesa ya wati 105 ifanye kazi kama ya wati 65. Kwenye gemu upungufu wa kasi huwa mdogo, joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana, na feni hunyamaza kidogo. Chenji iliyopo iende kwenye kipoza kirefu kuliko vyote ambavyo kasha linaweza kuvifungia mfuniko.