Kabla ya Kupaua, Tumeni Watu

Kanisa likiwa bado chini ya turubai, kila mshirika ni mwinjilisti. Hakuna anayemsubiri mchungaji ndipo amwalike jirani. Mama muuza vitumbua anataja ibada huku akiwafungia wateja, na vijana wanabisha hodi nyumba kwa nyumba Jumamosi alasiri, maana wasipofanya hivyo viti vya plastiki vitabaki vitupu. Kisha kinapatikana kiwanja, inaundwa kamati ya ujenzi, na baada ya miaka michache hodi zinakoma. Sikilizeni matangazo ya Jumapili katika makanisa yetu mapya, kuanzia Chanika hadi Kitengela: lenta, kenchi, mabati, bahasha za ahadi, jumuiya ipi imemaliza na ipi inadaiwa. Uinjilisti, ukitajwa, unatajwa watu wakiwa wameshaanza kukusanya Biblia zao.

Wengi husema upendo wa kwanza umepoa. Sidhani. Mtu anayeahidi mifuko kumi ya saruji kutoka kwenye mshahara mdogo hajapoa hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba muda, fedha na watu wenye bidii vimehamishwa. Kijana aliyeongoza ushuhudiaji sasa ni katibu wa kamati ya ujenzi, na Jumamosi yake inaishia kusimamia mafundi. Kwa hiyo mahubiri ya kuhimiza bidii hayatatutoa hapa. Unahitajika uamuzi wa kikao, wenye fungu la fedha na jina la mtu.

Ushahidi kwamba kanisa changa linaweza kujenga na kutuma kwa wakati mmoja tunao hapa hapa kwetu. Waanglikana wa kwanza wa Buganda walibatizwa mwaka 1882. Miaka michache baadaye Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi. Hata hivyo, kufikia mwaka 1896, miaka 14 tu tangu ubatizo ule, mwinjilisti Mganda Apolo Kivebulaya, aliyekuwa amebatizwa mwaka uliotangulia, alikuwa akihubiri Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni Kongo. Wakati huo kanisa lao kuu la Namirembe, huko Buganda, halikuwa na jengo la kudumu: dhoruba ilikuwa imeliangusha mwaka 1894, na jengo la matofali lililofuata baadaye liliungua kwa radi mwaka 1910. Hili tunaloliona leo lilikamilika mwaka 1919. Waganda wangesema wamalize kujenga kwanza, Mboga ingengoja miaka 23 zaidi, na kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo mizizi yake iko Mboga, lingekuwa na historia nyingine kabisa.

Atasema mtu kwamba Waganda walibebwa na bendera ya Waingereza. Kwa falme jirani za Toro na Bunyoro hoja hiyo ina uzito, wala tusiifiche. Lakini huko Mboga bendera haikumzuia chifu Tabaro kumpinga na kumtesa Apolo, na bado Apolo alirudi kufanya kazi huko mpaka alipofariki mwaka 1933.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jengo si anasa. Ni kweli. Mwaka 1918 turubai lingetosha. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga maelfu ya nyumba za ibada kwa kukosa viwango vya majengo na usalama na kwa sababu ya kelele. Anayeishi kwenye mvua za masika naye hahitaji kuelezwa thamani ya bati. Ila hakuna kanuni ya serikali yoyote inayodai asilimia mia ya nguvu za waumini ziishie kwenye zege. Tengeni sehemu ya kumi ya kila shilingi ya ujenzi kwa ajili ya kutoka nje. Wekeni watu wawili wenye uwezo ambao ni marufuku kuwapa kazi ya kamati nyingine. Na kituo kipya cha sala kifunguliwe mtaa wa pili kabla ya kupaua hiki cha kwanza.

Wengine watauliza tumhubiri nani, ilhali kila kona ina kanisa. Swali ni la haki, na jibu linatuhukumu: uinjilisti unaowahamisha waumini kutoka kwa mchungaji jirani haujamfikia mtu mpya. Spika za usiku wa manane nazo zinawafukuza walewale tunaowatafuta. Lakini hesabuni ni nani anayefika kijiwe cha bodaboda, gerezani, wodini kwa mgonjwa asiye na ndugu, au kwa mpangaji aliyehamia juzi asiyejua hata jina la balozi wake. Huko hakuna msongamano wa wachungaji.

Bajeti za mwaka ujao zinapitishwa na vikao vyetu wenyewe, na mshirika yeyote anaweza kunyoosha mkono. Ulizeni mambo mawili, na msikae mpaka yaandikwe kwenye muhtasari: fungu la uinjilisti ni shilingi ngapi, na Jumamosi hii anatoka nani.