Kiti Kimoja, Watu Kumi

Mchezo mpya wa kuigiza unapopendwa na watu wengi kuliko viti vya ukumbi, lazima wengine wabaki nje. Hilo halina dawa. La kujiuliza ni hili: nani abaki nje, na aamuliwe kwa njia gani? Tunaliandika kwa sababu vikundi vyetu vya akina mama navyo huandaa michezo wakati wa Krismasi na Pasaka, na mlangoni husikika manung'uniko yale yale. Viti vya mbele vilikwisha kugawiwa. Tikiti ziliisha kabla ya kutangazwa. Mama fulani alichukua kumi na tano peke yake.

Hebu tuwatazame wenzetu wa mji wa New York, Marekani. Huko kuna kumbi kubwa za michezo za eneo la Broadway, na karibu kila njia ya kuuza tikiti imekwisha kujaribiwa.

Mwaka 1996 ulifika Broadway mchezo wenye nyimbo uitwao Rent, unaohusu maisha ya vijana maskini wa mji huo, baadhi yao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Wenye mchezo walitenga safu mbili za mbele, wakaziuza kwa dola 20 siku ile ile ya onyesho. Aliyetangulia ndiye aliyepata. Haukupita muda, vijana wakaanza kulala barabarani nje ya ukumbi ili wawe wa kwanza. Mwaka 1997 foleni hiyo ikaachwa kwa kuhofia usalama wao, ikawekwa kura: unaandika jina lako, majina yanachanganywa, na wanaochomolewa ndio wanaoruhusiwa kununua.

Tutulie hapa kidogo, maana sote tumelelewa tukiamini kwamba foleni ndiyo haki yenyewe. Je, anayeweza kulala barabarani ni nani? Ni kijana asiye na mtoto wa kunyonyesha, asiye na mume anayengoja chakula, asiye na zamu ya usiku. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunaliona jambo hili kila asubuhi. Aliyekaa wa kwanza kwenye benchi si lazima awe ndiye mgonjwa zaidi. Mara nyingi ni yule mwenye nyumba karibu, au mwenye nauli ya gari la alfajiri, au mwenye dada wa kumwachia watoto. Ndiyo maana muuguzi hupita benchini akitazama nyuso, akamtoa nyuma mtoto mwenye degedege na kumpeleka mbele, na walio mbele hawanung'uniki wakielezwa. Foleni nayo ina bei. Inadai saa badala ya fedha, na saa za mama zimekwisha kuliwa kabla jua halijachomoza.

Mfano mzuri ni michezo ya Shakespeare inayoonyeshwa wakati wa kiangazi katika bustani kubwa ya Central Park, kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte uliofunguliwa mwaka 1962. Kiingilio ni bure. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba watu wanapanga foleni tangu asubuhi, na mchana kila mmoja anapewa tikiti mbili. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini walitokea wenye fedha waliomlipa mtu asimame foleni kwa niaba yao, na hapo kitu cha bure kikawa na bei tena! Waandaaji, kwa sifa yao, waliweka mstari wa pembeni kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu, wakaongeza pia kura kwa wasioweza kusimama.

Sasa tuje kwenye mchezo uliotikisa mji huo kuliko yote ya miaka ya karibuni. Hamilton, uliotungwa na Lin-Manuel Miranda, ulifunguliwa Broadway mwezi Agosti 2015 katika ukumbi wenye viti kama 1,300. Unamhusu Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, ambaye picha yake iko kwenye noti ya dola 10. Basi ikaanzishwa kura ya viti 21 vya mbele kwa bei ya dola 10 hizo hizo. Umati ulijaa barabarani hata kura ikahamishiwa kwenye intaneti Januari 2016, na siku ya kwanza mtandao ukazidiwa, maana majina yalipita elfu 50.

Wakati huo huo walanguzi walikuwa kazini. Walitumia programu za kompyuta zinazonunua tikiti nyingi kabla mtu wa kawaida hajamaliza kuandika jina lake, kisha wakaziuza kwa bei mara kadhaa ya ile ya dirishani. Juni 2016 wenye mchezo walipandisha bei ya viti bora hadi dola 849, wakaongeza viti vya kura kutoka 21 hadi 46. Hoja yao: kama watu wanalipa fedha nyingi hivyo, afadhali ziwafikie waliofanya kazi kuliko walanguzi. Hoja hii hatuipuuzi, hasa kwa kuwa mwaka huo huo waigizaji wa mwanzo walikubaliwa kupata sehemu ya faida. Desemba 2016 Rais Obama alitia saini sheria inayokataza programu za namna hiyo.

Hata hivyo tufanye hesabu ya nyumbani. Viti 21 katika 1,300 havifiki viwili katika kila mia. Hata 46 havifiki vinne. Kura yenyewe ni njia nzuri, lakini ikipewa makombo ya meza inageuka kuwa pambo la kuficha bei. Lililotugusa zaidi ni jingine: kwa msaada wa shirika la Rockefeller, wanafunzi elfu 20 wa shule za serikali za mji huo walitengewa nafasi kwa dola 10 kila mmoja. Hapo palikuwa na viti vya kweli kwa watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa.

Tunajua wapo akina mama watakaosema kura ni kamari, na Mkristo hapaswi kuigusa. Tofauti ni kubwa. Katika kamari unatoa fedha ili uingie, na anayeshinda anakula za walioshindwa. Hapa hakuna anayetoa senti kwa kuandika jina, na asiyechomolewa anarudi nyumbani na fedha zake mfukoni. Mitume walipomtafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda walipiga kura (Matendo 1:26), na nchi ya Kanaani iligawiwa makabila kwa kura.

Kwa michezo yetu, basi, tungeshauri hivi. Siku ya kuuza itangazwe katika ibada zote, si ile ya kwanza tu wanayohudhuria wakubwa. Mtu mmoja asichukue zaidi ya tikiti nne, awe mke wa nani. Wakizidi, majina yaingie kapuni, na mtoto asiyejua kusoma ayachomoe mbele ya watu wote. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu watengewe viti karibu na mlango kabla ya kura, wala wasiombe. Na kama ukumbi unawezekana, onyesho la pili siku ya pili hupunguza ugomvi kuliko utaratibu wowote, ingawa tunajua waigizaji watalalamika.

Imebaki safu ya wageni waalikwa, ambayo ndiyo huleta maneno mengi. Hatusemi iondolewe, kwa kuwa mfadhili aliyenunua mavazi anastahili shukrani. Ihesabiwe mapema na idadi yake isomwe wazi pamoja na matangazo. Mgeni asiyefika mpaka pazia linafunguliwa, kiti chake apewe mama aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni.